Mkono wa Kulia wa Lukumani

Mkono wa Lukumani uliungua Jumatatu, na kufikia Jumatano mtaa mzima pale Arua ulikuwa umekwisha kuamua ni kosa la nani. Mama yake, Zulaika, alikuwa ametoka mara moja tu kwenda kuwapa pole wafiwa nyumba ya jirani. Mtoto, wakati huo hajatimiza hata miaka mitano, akavuta sufuria ya uji iliyokuwa juu ya sigiri, na uji wote ukammwagikia mgongo wa mkono wa kulia. Kwenda msibani ni wajibu, na kama asingekwenda, watu wale wale wangemsema kwa kutokwenda. Lakini mdomo wa mtaa hauna breki. Zulaika hakujitetea, maana yeye mwenyewe alikuwa anajilaumu kuliko wote.

Ngozi ilipona, vidole vikagoma. Vilibaki vimenyooka kama vijiti vya mishikaki, havikunjiki, na mtoto akijaribu kushika kikombe kinamponyoka. Dresa, mfunga vidonda wa zahanati, aliukagua mkono ule, akamwambia Zulaika bila kuzunguka kwamba kidonda kimefunga na dawa zake zimeishia hapo. Kilichobaki ni kazi, alisema. Ngozi mpya inavuta kama ngozi ya ngoma, na vidole visipokunjwa kila siku vitakaa hivyo hivyo mpaka mtoto aote mvi. Zulaika akaitikia, akambeba mwanawe, akarudi nyumbani.

Nyumbani alimkuta wifi yake, Kulusum, ameketi kwenye mkeka. Huyu alikuwa ametoka Koboko mara tu aliposikia habari, na tusimpake matope bure: ni yeye aliyekesha na mtoto siku zile za homa, akimpaka asali kidondani na kumwimbia. Kulusum hakujaliwa mtoto. Mama yao alipofariki ni yeye aliyemlea mdogo wake Asuman, mume wa Zulaika, mpaka akawa mwanamume, akaingia jeshini, akapata usajini. Kwa hiyo Kulusum akisema, Asuman husikiliza, na akinyamaza, Asuman husikiliza zaidi. Siku ya kuondoka alimwita Zulaika mbele ya Asuman, aliyekuwa amekuja kwa ruhusa, akasema lake.

"Idi mimi nakuja," alisema, kwa Kiswahili cha huko kwao. "Kama mutoto nakula na mukono ya kulia kwa sinia ya wanaume, iko sawa, yeye nabaki na wewe. Kama hapana, mimi napeleka yeye Koboko. Hii kazi nashinda wewe."

Asuman alitazama viatu vyake. Zulaika alisubiri mumewe aseme neno, hata la kukohoa. Kesho yake Asuman alirudi kambini kwake, mbali huko kusini, akamwachia mkewe mwaka wenyewe wa sabini na tano, mwaka wa kupanga mstari kwa ajili ya sukari na wa kufulia majivu kwa kukosa sabuni, pamoja na mkono usiokunjika na ahadi ya Idi.

Kwa asiyejua, hili jambo la sinia ni kubwa. Katika nyumba za Waislamu wa Arua na Koboko, huku kaskazini-magharibi mwa Uganda, wajukuu wa askari wa zamani waliotoka Sudani, mtoto wa kiume hula na mama na shangazi mpaka karibu miaka mitano. Kisha, siku ya Idi, anavalishwa kanzu, anaketishwa na wanaume kwenye sinia moja, naye anakula kama wao: kwa mkono wa kulia, na wa kushoto umetulia pajani. Anayepeleka kushoto kwenye chakula cha watu, hata akiwa mdogo, anawaachia wazazi wake aibu ya kutembea nayo.

Zulaika akapiga moyo konde. Pesa ya vitu vya dukani hakuwa nayo, na hata angekuwa nayo, maduka yenyewe yalikuwa matupu. Akaangalia jikoni kwake. Alianza na kitambaa: akakitia kwenye maji ya uvuguvugu, akamwambia Lukumani kitambaa kina kiu, kimekunywa maji yote, hebu kikamue kitapike. Siku ya kwanza yalitoka matone, mtoto akalia, akauficha mkono kwapani. Zulaika naye akalia, lakini akiwa ameinamia sigiri, ili mtoto aseme mama ameingiwa na moshi. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, ila hawakusema kwamba asiyemchelea hulia vilevile.

Baada ya kitambaa ukaja udongo. Driciru, mwanamke wa kijiji cha Ajia aliyekuwa akileta njugu na vyungu vyake sokoni, alipomwona mtoto anaficha mkono hakuuliza mengi. Siku ya soko iliyofuata alileta bonge la udongo wa kufinyangia limefungwa kwenye majani ya mgomba, akalitupa kibarazani, akasema kwao mtoto akikosa kazi ya kufanya hupewa huo. Lukumani akafinyanga ng'ombe wasio na pembe, maana pembe zinahitaji ncha za vidole na ncha zilikuwa bado zimelala. Baada ya wiki kadhaa ng'ombe mmoja akaota pembe. Zulaika alimweka ng'ombe yule dirishani na hakuruhusu mtu amguse.

Kazi ikawa haiishi. Asubuhi walimenya njugu. Adhuhuri alimpa punje za mahindi na chupa tupu ya soda, atumbukize punje moja moja bila kumwaga. Jioni walitunga shanga za mbegu kwenye uzi wa ukili, au alimwekea shati kuukuu la jeshi la baba yake, lenye vifungo vigumu, afungue vyote kisha avifunge. Alimpa hata ukili wa kusokota, ule anaoutumia kusukia kawa za kufunikia chakula, na kama kawa moja ilitoka imepinda upande, mteja aliambiwa ndiyo mtindo mpya. Vidole vikaanza kutii, kwanza cha shahada, halafu gumba, halafu vile vingine kwa uvivu wao.

Ramadhani ikaandama, Zulaika akafunga huku roho yake imepata nafuu. Majirani waliompitia walimwona mtoto anatunga mbegu kama fundi, wakasema mashaallah, na baadhi yao walikuwa wale wale wa Jumatano. Alianza hata kumsubiri Kulusum kwa hamu, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu aolewe.

Mwezi ulipokuwa ukingoni, akapika kisra, ule mkate mwembamba kama kitambaa ambao ndio hutandazwa kwenye sinia la Idi, akamwekea Lukumani na mchuzi wa bamia ili ajaribu. Mtoto alikata tonge vizuri, akachovya, akala, akatabasamu. Zulaika hakutabasamu. Mtoto alikuwa ameushika mkate kwa kushoto na kuuchana kwa kulia.

Alimwambia arudie, kushoto pajani. Lukumani akaweka mkono wa kushoto pajani, akautia wa kulia kwenye kisra, akavuta. Mkate wote ukamfuata mpaka magotini, na mchuzi ukamwagika.

Hapo ndipo Zulaika alipoliona kosa lake. Mwanamke wa jikoni hufanya kazi kwa mikono miwili kutoka alfajiri mpaka usiku. Huu unashika, ule unamenya. Huu unabana, ule unasuka. Michezo yote aliyombunia mtoto ilikuwa ya jikoni, kwa hiyo yote ilikuwa ya mikono miwili. Kushoto ndiko kulikobana uzi, kulikoinua chupa, kulikokaza shati. Alikuwa amemlea mkono wa kulia uwe mtumishi hodari, lakini kwenye sinia la wanaume mtumishi huyo angekuwa peke yake. Kukata kisra kwa mkono mmoja kuna ufundi wake: vidole viwili vya mwisho vinaukandamiza mkate, gumba na cha shahada vinauchana. Na viwili vya mwisho vya Lukumani ndivyo vile vivivu.

Wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kuufunga mkono wa kushoto kwa kitambaa kiunoni. Watu wengi walifanya hivyo kwa watoto wanaotumia kushoto, na Kulusum mwenyewe alilishauri hilo kabla ya kuondoka. Zulaika alishika kitambaa, akamtazama mtoto, na mtoto akaelewa, akaficha mikono yote miwili. Alikitupa kitambaa kile. Akaenda kwenye kiota cha kuku, akarudi na yai, akamwekea Lukumani kwenye kiganja cha kushoto, akamwambia huyu ni mgeni wako, amelala, usimwamshe na usimvunje. Mkono wa kulia ufanye kazi taratibu mpaka mgeni aamke.

Siku zilizobaki walivunja mayai mengi kuliko waliyokula. Punje, vifungo, kamba, kila kitu kwa mkono mmoja, na mwisho majani ya mgomba, akiyakandamiza chini kwa vidole viwili na kuyachana kwa viwili. Kuna siku alichana jani zima vipande vipande bila kukosea. Kuna siku alishindwa na la kwanza tu, akapiga kelele kwamba hautaki mkono huu. Zulaika alimwambia na mimi siutaki, lakini ndio tulio nao. Mwezi wa Idi ulipoonekana, hakujua bado siku hiyo itakuwa ya namna gani.

Asuman alifika na sare imepigwa pasi, Kulusum akafika na kanzu ndogo nyeupe aliyomshonea mtoto. Baada ya swala, sinia liliwekwa sebuleni. Waliketi Asuman, mzee Sulemani wa nyumba ya pili ambaye alikuwa imamu na mwenye jicho kali kwa adabu, binamu wawili wa Asuman, na Lukumani katikati yao. Wanawake walikuwa nyuma ya pazia. Zulaika alisimama upande mmoja wa upenyo, Kulusum upande wa pili, mabega yao yakigusana.

Wanaume wakasema bismillahi, mikono ikaenda. Wa Lukumani haukwenda. Aliutazama mkate kama mtu anayetazama mto uliofurika. Mzee Sulemani akaacha kutafuna, binamu mmoja akamtazama Asuman, na Asuman akautazama mchuzi. Kisha mkono mdogo ukashuka kwenye kisra, ukakandamiza, ukavuta, na mkate ukaanza kuteleza.

Zulaika alisikia pumzi ya Kulusum imekatika, na yake pia. Mkono wa kushoto wa mtoto ulinyanyuka kutoka pajani. Ulifika usawa wa kifua. Halafu ukasimama, ukakunja vidole taratibu kushika kitu ambacho hakikuwapo, ukarudi pajani. Wa kulia ukaanza upya. Vidole viwili vya mwisho vilitetemeka, vikashuka, vikakandamiza. Gumba likachana. Kikatoka kipande cha kisra kilichopinda, si kikubwa kuliko jani la mchicha, kikachovywa, kikaliwa.

Mzee Sulemani akasema alhamdulillahi, akaendelea kutafuna. Zulaika aliegemea ukuta, machozi yakimtoka bila sauti, na furaha yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba aligeuka amkumbatie wifi yake. Kulusum alimkumbatia kweli, kwa nguvu, akiwa analia naye.

"Umefanya vizuri," Kulusum alimwambia sikioni. "Sasa iko tayari. Kesho lori nakwenda Koboko, mimi nakwenda na yeye."

Zulaika alidhani hakusikia vizuri. Alisubiri wageni waondoke, akamfuata Asuman uani, akamuuliza. Asuman alizunguka kwanza, akazungumzia barabara, akazungumzia madrasa nzuri ya Koboko. Alipobanwa alikiri. Tangu siku zile za homa na asali alikuwa amemwahidi dada yake mtoto huyu. Mkono ukipona, usipopona, atakwenda. Lile la sinia Kulusum alilisema ili mama apate la kumshughulisha, na mtoto apone kabla ya safari. Amenilea, alisema Asuman, hana mtoto, nitamnyimaje? Wewe bado kijana, Mungu atakupa wengine.

Zulaika alikuwa na hasira ya kuweza kubomoa ukuta. Miezi yote ile alikuwa ameupigania mkono ule akidhani anampigania mtoto, kumbe alikuwa anamfungasha mzigo. Alimwambia mumewe maneno ambayo mke hamwambii sajini. Asuman aliyapokea yote, kisha akasema neno alilokwisha kumpa dada haliwezi kurudishwa, akaingia ndani.

Asubuhi lori la tumbaku lilisimama mbele ya nyumba, magurudumu yametapakaa matope. Dereva hakuzima injini. Nguo za Lukumani zilikuwa zimefungwa kwenye leso na kuwekwa kiti cha mbele. Mtoto aliambiwa anakwenda kutembea kwa shangazi, naye alifurahi, kanzu mpya mwilini na peremende ya Kulusum mkono wa kushoto. Alikuja mbio kumuaga mama yake. Kisha akaliona furushi lile, akaona na shati kuukuu la vifungo limechungulia ukingoni, akatambua kwamba wanaokwenda kutembea hawabebewi kila kitu.

Hakulia. Mkono wa kulia ulishika gauni la mama yake ubavuni, ukafunga.

Kulusum alimbembeleza, akamvuta, gauni likaja naye. Akapiga magoti kwenye matope, akaanza kuvibandua vidole. Alifungua cha shahada, akaenda cha kati, cha shahada kikajifunga tena. Alijaribu kuanzia mwisho, lakini vile viwili vilivyokuwa vivivu ndivyo vilivyokaza kuliko vyote. Asuman akaja kusaidia. Akaushika mkono, akaona kovu limegeuka jeupe kwa kukazwa, akaogopa ngozi isije ikapasuka, akauachia. Dereva akapiga honi.

"Zulaika, fungua yeye," alisema Asuman. "Hii mukono wewe najua."

Na kweli aliujua. Ilikuwa kazi rahisi: mara nyingi mtoto alipokaza kitu mpaka vidole vikashikana, Zulaika alikuwa anakiinamisha kiganja chini taratibu pale kwenye kifundo, na vidole vinaachia vyenyewe. Hakuna nguvu, hakuna maumivu. Angeweza kuifanya akiwa amefumba macho. Aliweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo.

"Mimi nafundisha yeye kufunga," alisema. "Kufungua mimi hapana fundisha."

Kulusum aliinua uso, akiwa bado kwenye magoti. Alimtazama Zulaika, akaitazama ile mikono iliyofichwa nyuma, na hakuwa mjinga. Alikuwa mwanamke aliyelea mtoto asiye wake mpaka akawa sajini, na uongo wa mama alikuwa anautambua. Zulaika alimwona anaelewa, na Kulusum akisema neno moja tu Asuman angemshika mkewe mikono na kumlazimisha.

Kulusum alikiweka kiganja chake juu ya lile kovu, juu ya vidole vile vilivyofunga, akakaa hivyo. Halafu akainuka, akakung'uta matope magotini.

"Dada, ngoja kidogo," Asuman alianza.

"Wacha," alisema Kulusum. "Mimi hapana kuja kuvunja mukono."

Alipanda lori. Alilitoa lile furushi la nguo kupitia dirishani, akampa Asuman, na hakumtazama mtu tena. Lori likang'oka kwenye matope, likashika njia ya Koboko, na Zulaika alimhurumia mwanamke yule kwa moyo wake wote na hakusogea hata hatua.

Mtaa ulikuwa umetoka kutazama, ukarudi ndani kwenda kusema. Asuman alibaki na furushi mikononi. Alingoja mpaka mngurumo wa lori ukapotea kabisa, kisha akamwambia mkewe, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa na anayejua ameshindwa, kwamba sasa basi, amfungue mtoto waingie ndani.

Mikono ya Zulaika ilikuwa bado nyuma ya mgongo.

"Bado," alisema. "Lori hapana fika Koboko."